Kitako cha Gobori la Mjomba

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, ambayo ningeisahau kwa furaha kama kusahau kungekuwa hiari yangu.

Nimeambiwa umetenga chumba nyuma ya nyumba yako, umeweka meza na jiliwa la kubania vyuma, na sasa unatafuta bunduki ya zamani uitengeneze kwa kujifurahisha. Sikukuita nikukataze. Nimekuita kwa sababu na mimi nilianza hivyo hivyo, na aliyeumia hakuwa mimi. Kaa vizuri, sina haraka.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetutawala. Nilikuwa mwalimu kijana Bukoba mjini, naishi Hamugembe na mke wangu Kemilembe, ambaye wewe hukumkuta. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu tufunge ndoa kanisani. Kwao ni Muleba, na huko alisifika kwa mikono yake. Alisuka mikeka yenye nakshi ambazo wanawake wengine walikuja kuziangalia na kuuliza zinaanzia wapi.

Mjomba wangu Ishengoma alikaa Rubafu, shamba lake limeteremka hadi karibu na ziwa, na viboko walipanda kula viazi vyake. Kwa ajili ya viboko hao alikuwa na gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti na risasi ndogo za marisau mdomoni, pamoja na kibali chake kutoka bomani. Mchwa walikuwa wamekula kitako, ule mti wa nyuma unaoegemea bega. Akaja nalo kwangu amelifunga ndani ya jamvi.

"Ulifundishwa useremala shuleni," akaniambia. "Nichongee kitako kipya."

Sikuwa nimewahi kushika bunduki maishani mwangu, lakini sikumwambia hivyo. Nilikuwa na kipande cha mvule, randa, patasi na msasa. Kila jioni nikitoka shule nilikaa chumba cha mbele nikichonga. Ilikuwa kazi tamu, mwanangu, nisikudanganye. Unaondoa mti kidogo, unapima, unaondoa tena, mpaka chuma kinakaa ndani ya mti kama vilizaliwa pamoja. Walimu wenzangu walipita kutazama. Mmoja alisema hata fundi wa Ulaya asingeona aibu kukitia jina lake. Maneno hayo nililala nayo.

Jumamosi hiyo kitako kilikuwa tayari, kimepakwa mafuta, kinang'aa. Kemilembe alikuwa anatoka na ungo wa maharage. Akasimama mlangoni.

"Ulimuuliza mjomba kama ndani hamna kitu?"

"Lilikuwa limeegemezwa tu ukutani kwake," nikasema. "Haya niachie mimi. Wewe angalia maharage yako."

Alikuwa ameniuliza kwa Kihaya. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile niliyowajibia watoto darasani. Akaenda kukaa upande wa pili wa ukuta, akaanza kuchambua.

Mjomba alikuwa amenipa pia kikopo cha fataki, vile vidude vya kuwashia baruti. Nilitaka kujua kama nyundo inapiga sawasawa juu ya mti mpya, basi nikaweka moja na kufyatua. Nilidhani nitasikia mlio mdogo tu.

Mjomba alikuwa amelishindilia gobori kwa ajili ya kiboko, kiboko hakuja, na mzee akasahau. Nyumba ilijaa moshi. Masikio yangu yakaziba. Gobori lilinitoka mikononi, likaanguka, na ukuta wetu wa fito na udongo ukawa na tundu ambalo ningeweza kupitisha kichwa.

Kinachofuata ndicho kinachonitia aibu mpaka leo. Niliinama. Niliokota gobori, nikaligeuza kwenye mwanga wa mlango, nikapitisha kidole juu ya mti kutafuta ufa. Nilipoinua macho, nilimwona Kemilembe kupitia lile tundu. Alikuwa ameketi chini kati ya maharage yaliyomwagika, ameushika mkono wake wa kushoto, damu inapita katikati ya vidole. Ananitazama.

Jirani yetu, Mama Zuhura, alikuwa wa kwanza kuingia. Alishafungua kanga yake na kuufunga ule mkono kabla sijapiga hatua.

"Mwalimu," akasema, "weka hicho chini, uje umshike mkeo."

Tulimpeleka hospitali kwa machela. Daktari aliyatoa marisau, na mkono ukapona, isipokuwa vidole viwili vilivyobaki vimekakamaa. Askari walikuja wakalichukua gobori. Siku Kemilembe aliporuhusiwa kutoka hospitali, kaka yake alikuwa anamngoja nje. Walipanda lori la kahawa kwenda Muleba. Alikuwa amenoba, kama tunavyosema sisi mke anapomwacha mume na kurudi kwao, na Hamugembe nzima ilijua sababu yake.

Nilikwenda kumfuata na mjomba, kama desturi inavyotaka, na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baba mkwe, mzee Mutalemwa, alitupokea mbele ya ndugu zake. Kikapu cha kahawa za kutafuna kikazungushwa. Mjomba alipewa, wote walipewa, na mimi nikarukwa. Hakuna aliyejifanya hakuona.

Mjomba alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyesahau baruti ndani. Nami nikasema ilikuwa ajali, na kwamba ningejua nisingefanya. Nilizungumza vizuri, nilikuwa mwalimu. Ndipo baba mkwe akamwita binti yake.

"Tata, sikuondoka kwa sababu ya bunduki," Kemilembe alisema, macho chini. "Bunduki inaweza kumponyoka yeyote. Nilipoumia, mume wangu alitazama kwanza kama mti wake umepasuka."

Mjomba, aliyekuwa amekaa karibu yangu, alisogea kidogo. Nafikiri hakujua kama amesogea.

"Ni kweli?" baba mkwe akaniuliza.

"Ni kweli, Tata."

"Basi rudi nyumbani. Sina cha kukukemea. Nitakukemea siku ukijua mwenyewe ulichofanya."

Nilirudi. Kila nilipopata nafasi nilikwenda tena Muleba, peke yangu, bila mtungi na bila msemaji. Nilipalilia migomba ya baba mkwe, nikala walichonipa, nikaondoka. Mavuno ya kahawa yalikuwa yanaisha siku Kemilembe aliponifuata shambani.

"Kwa nini ulitazama mti kwanza?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi kwa miezi yote ile. Nikayaacha.

"Kwa sababu wakati ule mti ndio nilioujali," nikasema.

"Afadhali umesema," akaniambia, akarudi ndani. Wiki ile tulipanda lori pamoja. Tuliishi vizuri, tukazaa, tukalea. Lakini nakshi zile hakuzisuka tena. Aliwaelekeza wasichana kwa maneno, ameketi karibu nao, na kila vidole vyao vilipokosea niliona vyake vikijaribu kujikunja. Hakuwahi kunilaumu. Mimi ndiye niliyetoka nje kila mara kama mtu aliyekumbuka kazi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Silaha ikiingia nyumbani mwako, ihesabu kuwa imejaa hata kama mwenyewe ameapa kuwa ni tupu, na usiiguse kabla anayeijua hajaifungua na kukuonyesha. Usijifunzie ndani ya chumba wanamoishi watu. Akikuuliza mtu wa nyumbani, hata kama hajui ufundi wako, simama umjibu kwa heshima, kwa maana anauliza kuhusu uhai wake. Na ukiona umeanza kukipenda kitu ulichochonga kiasi kwamba sauti ya mwenzako inakuwa kelele, kifunike, utoke, ukakae naye. Bado hujachelewa.

Mungu akupe mikono yenye ustadi, na akupe moyo wa kuwaona watu wako kabla ya kazi yako. Nyumba yako iwe na amani. Uzeeke ukiwa na mwenzako, na usiwe na siku ya kuogopa kuikumbuka. Amina.