Maziwa Yapoe Upesi

Daktari huyu wa watoto hakuwahi kujua kutulia. Mama yake mzazi alisema amezaliwa na siafu miguuni, na wauguzi wa wodini, ambao hawana adabu hata kidogo, walimbatiza Mama Kwani. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza kwani jana ilikuwaje.

Wiki hiyo roho yake ilikuwa juu juu zaidi. Kitandani alilala mtoto wa kike wa miaka miwili, homa inapanda na kushuka, wiki ya tatu sasa. Malaria hana, taifodi hana, kifua safi, na kila dawa imegonga mwamba. Mtoto alikuwa anakwisha huku daktari anamwona, naye aliogopa, tena aliogopa sana.

Alihisi ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi, maana nyumbani kwa mtoto walifuga mbuzi. Lakini kila akiuliza, mama wa mtoto alijibu lilelile.

"Nachemsha, dokta. Yanafura mpaka yanamwagika."

"Kila siku?"

"Kila siku, haki ya Mungu."

Mficha uchi hazai, daktari aliwaza, kisha akajionea aibu, maana macho yale hayakuwa ya mwongo. Akazunguka kitanda, akatoka, akarudi na kikombe kitupu.

"Dada yangu, usiniambie tena. Nionyeshe. Mtoto ameamka analia njaa. Unafanyaje?"

Mama akachemsha hewa, akaimimina kikombeni. Halafu akainama, akachota kitu kisichoonekana, akaongeza kidogo.

"Hicho nini?"

"Maziwa ya kwenye ndoo, yaliyokamuliwa asubuhi. Ili yapoe upesi, asiungue ulimi."

Daktari alituma damu maabara, akaanza dawa siku hiyohiyo bila kungoja. Majibu yaliporudi yalisema brusela, na homa ilikuwa imeshaanza kushuka. Wauguzi wakapiga vigelegele. Mama hakupiga.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mbuzi," daktari alisema haraka.

"Mbuzi hakushika kikombe, dokta."

Mama Kwani akaagiza uji wa mtoto. Uji ulipoletwa, mama akausukuma mbali. "Mpe wewe. Mimi naogopa."

Daktari akajaribu. Mtoto akakaza mdomo, akageuza uso, akamnyooshea mama yake mikono yote miwili.