Laptop Ilikuwa na Tundu Moja, Nikasema Mawili

Usiniulize jina, ukilijua utanitema. Mimi ndiye niliyeleta aibu kwenye harusi ile ya Kivinje, si yule kaka ambaye watu wanamsema mpaka leo. Kila nikilikumbuka jambo hili natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake. Kwetu huku Kilwa mwanamume haingii uani wakati wa mambo ya ndani, na wenye shughuli hawataki kamera ya mwanamume ipite hata mlangoni. Kwa hiyo wananiita mimi. Mimi ni mwanamke mwenzao, na picha ikiingia kwangu haitoki. Sifa yangu yote ilikuwa hiyo.

Bi harusi nitamwita Zuhura. Somo yake, yule mama aliyemfunda na kumsimamia mpaka anaolewa, nitamwita Bi Hadija. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Bi Hadija aliniita kwake akataka tivii mbili. Moja ikae nje chini ya turubai kwa wanaume, ioneshe picha za familia na salamu za ndugu walio mbali. Nyingine ikae uani kwa wanawake, na baada ya ndoa kufungwa ioneshe video ya Zuhura akisingwa, maana shangazi zake bwana harusi walikuwa wanatoka Sudi na siku ya kusingwa wasingewahi. Mwanamke yeyote wa huku anajua kusingwa kulivyo. Bi harusi yuko kichwa wazi, kajifunga kanga kifuani, anapakwa liwa, ule unga wa mti wa kunukia, na wakubwa wanamchezea ngoma bila kuficha kitu.

"Mwanangu," Bi Hadija aliniuliza, "una hakika wanaume hawatayaona haya?"

"Hawatayaona, bibi. Laptop yangu inajua yenyewe hii iende wapi na hii iende wapi."

Nilimdanganya. Laptop yangu ina tundu moja tu la kutolea picha. Nilidhani lile tundu dogo la pembeni, la Type-C, nalo litatoa, nikanunua kidude chenye matundu mawili nikachomeka. Tivii ikabaki nyeusi. Nikaipeleka Lindi kwa fundi, akaniambia tundu lile kwenye laptop yangu ni la chaji na kuhamishia mafaili, picha halipitishi.

Akanionesha splita. "Hii itawasha tivii zote mbili, dada, lakini inagawa picha moja. Kitakachoonekana huku ndicho kitakachoonekana kule. Ukitaka picha tofauti, azima laptop ya pili."

Azima laptop ya pili. Jamani, hilo nalo lilikuwa jambo la kumshinda mtu? Mwalimu jirani yangu anayo, na hajawahi kuninyima kitu. Lakini ningemwomba ingejulikana kwamba yangu haiwezi, na mimi nilishajisifu mbele ya Bi Hadija mpaka akawapigia simu watu wa Sudi kuwaambia. Niliona haya kurudi nyuma. Nikanunua splita, nikanyamaza.

Mpango wangu ulikuwa wa kijinga, ila wakati ule nilijiona mjanja. Laptop na splita ningeviweka kwenye ukumbi wa ndani unaotazama uani, nyuma ya pazia la mlango wa mbele. Wakati wa video ya ndani ukifika, ningechomoa kimyakimya waya unaokwenda nje. Nikaufunga uzi mwekundu nisije nikachomoa mwingine.

Waya huo wa nje alinisaidia kuuvuta Selemani, fundi wa muziki kutoka Tingi. Tulishafanya naye kazi harusi nyingi. Alipofika dirishani alibisha hodi, akageuza uso pembeni, akapokea waya bila kutazama ndani. Ndivyo alivyo siku zote. Akauchomeka kwenye tivii ya wanaume, akarudi kwenye spika zake palepale jirani.

Ndoa ikafungwa salama. Pilau ikaanza kupakuliwa nje, na huku uani shangazi wa Sudi wakaanza kunisumbua. "Weka basi mwanangu, tumekuja kumwona mkwe wetu!"

Nikainama kuchomoa waya. Mara nikamwona Bi Hadija anatandika mkeka, anaketi ubavuni mwangu kabisa.

"Nataka nione na mimi," akasema. "Nione inavyogawa."

Mkono wangu ukasimama. Nikichomoa mbele yake ataniuliza kwa nini, na nitajibu nini? Nje nikasikia sahani na watu wanacheka. Nikajiambia, hao wanakula, nani atatazama tivii mbele ya pilau? Mama huyu akiinuka tu nitachomoa.

Nikabonyeza.

Vigelegele vikapaa uani. Bi Hadija akanipiga begani. "Mashaallah, chombo kina akili hiki." Nami nikatabasamu. Natamani nisingelikumbuka tabasamu lile.

Kisha muziki wa nje ukakatika. Hakuna aliyecheka tena kule nje. Nikasikia kiti kinaanguka, na sauti ya Selemani inasema, "Geuzeni nyuso, ndugu zangu, geuzeni nyuso!"

Alikuwa ameruka spika zake, akaung'oa waya, akaigeuza tivii ikatazama ukuta. Lakini wanaume walishamwona Zuhura. Baba mkwe wake amemwona, majirani wamemwona, na wauza samaki wa pale mtaani wamemwona hivyo hivyo kwenye kanga.

Mjomba wake Zuhura akaja mpaka kwenye pazia, hakuingia. "Nani kafanya haya?"

Bi Hadija akanitazama. Uzi mwekundu ulikuwa karibu na goti lake. Ningeweza kuushika nikasema, ni mimi, waya ni huu hapa.

"Mimi sijagusa waya wowote," nikasema. "Bibi yuko hapa, ni shahidi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo kosa lenyewe. Kisha nikaongeza, "Labda huko nje kuna mtu kachezea nyaya."

Huko nje aliyeshika waya alikuwa mmoja. Alikuwa bado amesimama nao mkononi, mgongo kaipa tivii.

"Ni yule wa muziki?" Bi Hadija akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sitaeleza alivyotolewa pale. Spika zake zilirushwa barabarani, na mtu aliyewazuia wengine wasitazame akaitwa mchungulia wake za watu. Jina hilo kwa huku halifutiki. Hakuna nyumba tena iliyomwita kupiga muziki, si Kivinje, si Masoko. Nasikia mpaka posa yake ilirudishwa.

Zuhura siku ile hakutoka chumbani. Mumewe hakumwacha, ila alimhamishia Mtama, na mpaka sasa kuja kwao anaona tabu. Zuhura hunipigia simu. Ananiita dada yangu. Ananiambia, "Wewe ndiye uliyenitunzia heshima yangu, yule mshenzi akaiharibu." Nikikata simu silali.

Nami kazi sikupungukiwa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Bi Hadija ananisifia kila shughuli. Nikiingia uani nikisikia vigelegele natamani niitupe kamera.

Juzi juzi nikajikaza, nikaenda Tingi. Mama yake Selemani nilimkuta anapepeta ufuta. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanipa kiti kwa furaha kama amepata mgeni wa heri. Nusura nirudi. Selemani akatoka shambani, akaosha mikono, akaketi. Nikamwambia yote, splita, uzi, kichwa nilichotikisa.

"Najua, dada," akasema. "Sikugusa kitu. Picha ingetoka wapi kama si kwako?"

"Mbona hukujitetea?"

"Ningejitetea vipi? Wangeniuliza kilianza nini, nilikiona lini. Ningelazimika kukieleza nilichokiona. Yule ni mtoto wa watu."

Nikalia. Nikamwambia sikusema siku ile kwa sababu niliona haya.

Akaniuliza, "Na mimi sina haya, dada?"

Nikamwomba anisamehe. Hakukataa, ila alisema, "Mimi umenifuata wa nini? Mimi nilikuwa najua. Nenda kwa wasiojua." Akarudi shambani.

Badala ya kwenda kwa wasiojua, nikakaa nikaandika haya. Na angalia nilivyoanza: usiniulize jina. Nimejificha tena nyuma ya pazia lilelile, na yeye nimemwacha nje na waya mkononi.

Basi Ijumaa wakishatoka msikitini nakwenda kwa Bi Hadija. Nitamwomba mjomba wake Zuhura aje akae mbele ya pazia asikie. Laptop na splita nitavibeba. Nitachomeka tivii mbili, waone picha moja inavyotoka kotekote, kisha nitawaambia kwamba niliyajua hayo tangu Lindi. Wakinifukuza nitakuwa nimefukuzwa kwa kosa langu.

Nawe unayesoma, ukiulizwa kama chombo chako kinaweza, na hakiwezi, sema hakiwezi. Utaona haya kidogo, lakini itakuwa haya yako mwenyewe, na hakuna mtu mwingine atakayeibeba.