Aliyempokea Mwanangu

Mfuko wangu wa kujifungulia ulikuwa tayari tangu mwezi wa saba wa mimba: kanga mpya mbili, nailoni ya kutandika, glavu, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu. Muuguzi wa kliniki aliniagiza nitembee nao kila ninapotoka, maana nyumba yetu iko juu kabisa, kwenye mpaka wa msitu wa Ngorongoro, na kutoka huko hadi lami ya Karatu bodaboda hushuka kwa kumwomba Mungu. Mimi ni mtu wa kujipanga. Nilijiona nimemaliza kila kitu.

Mama mkwe alikuwa na matayarisho yake mengine, yasiyoingia mfukoni. Kubwa kuliko yote, nisikaribiane na mwanamke mmoja wa bondeni aliyekuwa amefiwa na mtoto mchanga. Sisi Wairaqw hali ile tunaiita metimani. Mwenye metimani haingii nyumba za watu, hachoti maji na wenzake, hashikwi mkono, mpaka muda wake uishe. Na akimgusa mwenye mimba au mtoto, huyo naye ameingia humo humo. Siku hizi tunasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Tunayasema Jumapili, tumevaa vizuri. Jumatatu tunamkwepa.

Nilikutana naye kila siku ya kliniki. Ukungu wa kwetu asubuhi unaweza kumeza ng'ombe mzima ukabaki kusikia kengele tu, na yeye alikuwa akinisikia kabla sijamwona. Nikifika kwenye kona ya shamba la mahindi, tayari ameshatoka njiani, amesimama kati ya mistari, amenipa mgongo. Alikuwa akifuata desturi, tena kwa kunilinda mimi. Lakini mgongo ule uliniogopesha kuliko uso wowote. Siku moja nilichelewa makusudi saa nzima, nikamkuta pale pale.

Mara nyingine nilisimama nimtazame, kwa ujeuri tu. Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yakiyumba taratibu, huku na huku, kama ya mtu anayembembeleza mtoto kifuani, na mikononi hakuwa na kitu. Wangu tumboni akageuka kwa nguvu hata nikashika uzio wa shamba. Nitasema wazi nilichokiogopa: niliogopa anamwita mwanangu. Nilipofika nyumbani niliosha miguu mara mbili na sikumwambia mtu.

Uchungu ulinishika wiki mbili kabla ya siku niliyoandikiwa, nikiwa njiani kwenda kliniki, hatua chache kutoka kona ile ile. Nilimpigia simu mama mkwe aje na bodaboda. Akasema anakuja, lakini mwili wangu haukuwa na subira hiyo. Maji yalimwagika, nikapiga magoti kwenye tope. Mgongo ulikuwa pale kwenye mahindi, umetulia. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, nikamwambia, "Dada, nakufa."

Kisha akauliza, bado amenipa mgongo, "Una glavu?"

Nilimsukumia mfuko; akaja, akazivaa taratibu, akavuta mikono ya sweta hadi ikafunika viungo vya mikono, pasiwe na ngozi yake inayoweza kunigusa. Akatandika nailoni. Alifanya kazi bila neno, uso ameugeuzia pembeni asinipumulie. Sijawahi kuhudumiwa kwa heshima kama ile, na sijawahi kuogopa mikono ya mtu kama nilivyoiogopa ile.

Mtoto alitoka wa kijivu, kimya. Akamfuta kwa kanga, akamsugua mgongo, akampiga nyayo. Kimya. Ukungu ulikuwa umetuzunguka hata mahindi siyaoni, na sikusikia ndege wala mtu. Yule mwanamke akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi machoni, akingoja. Nilielewa anachoomba. Glavu hazikuwa na msaada tena.

"Fanya," nikasema.

Akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mwanangu, akanyonya, akatema. Akapuliza. Mimi, msomi wa kidato cha nne, nilihesabu kila pumzi nikijiuliza anamtia nini mle ndani. Ya tatu, mtoto akalia.

Alifunga kitovu, akakata, akaniwekea mtoto kifuani. Pikipiki iliposikika inashuka, alivua glavu, akaondoka nazo, akaingia kwenye mahindi. Hakuniomba chochote, hata kumfichia siri.

Mama mkwe alifika akihema. Kabla ya kuniuliza kama mimi ni mzima, aliuliza nani amemshika mtoto. Nilijua ukweli ungefanya nini: mimi na mwanangu tungefungiwa miezi, bila mgeni, bila ubatizo, na homa yake yoyote ingekuwa na maelezo. Ningeweza kusema na kuivunja desturi ile pale pale, mbele yake na mwenye pikipiki. Nikasema, "Hakuna. Nimejizalisha mwenyewe."

Muuguzi alinisifu mbele ya wajawazito wenzangu: mnaona faida ya kujiandaa. Nilitabasamu.

Mtoto alipotimiza siku arobaini tulimpeleka kanisani kwa shukrani. Mama mkwe alimwinua juu, akatoa ushuhuda jinsi mkwewe alivyozaa peke yake kwenye ukungu, akajikatia kitovu, na mkono wa Bwana pekee ndio uliompokea mtoto. Kanisa zima likapiga makofi. Yule mwanamke alikuwa amesimama nje ya mlango wa pembeni, mahali anaposikilizia ibada. Hakuna aliyemkataza kuingia, ila akikaa kwenye benchi, watu huhama. Nilimtazama, nikingoja aseme.

Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, macho kwa mtoto. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani nasali.