Ngolo za Mwezini

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, shangazi Tadea alichonga penseli kwa wembe, mabaki akayatupa motoni. Hakusema na mtu mpaka ncha itoke sawa. Ndipo alipoitikia shikamoo yangu.

Aliuza karanga na mahindi ya kuchemsha pale Kitai, basi linaposimama kupoza injini. Lakini watu hawakumjua kwa karanga, walimjua kwa madaftari ya hadithi alizoziandika. Ndani ya madaftari yale kumi na moja alikuwamo Kapteni Ndomba, mtu wa magendo wa angani, aliyevusha sukari na sabuni nyota hadi nyota huku askari wa forodha wakimfukuza na tochi zao. Chombo chake kilikuwa na keria juu, na utingo. Kikitua mlimani, utingo aliruka na gogo kuzuia gurudumu. Abiria walipokezana daftari, mwenye sauti akawasomea wengine. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Kusoma kwenyewe nilijifunzia kwa Ndomba.

Miaka ile ya foleni, sabuni ilipoadimika, tuliwahi kufulia majani ya mpapai. Kwa hiyo Ndomba alipomshushia bibi mmoja wa nyota ya mbali mche wa sabuni, watu walinyamaza kama wako kanisani.

Kisha biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa. Siku moja dereva Leopold akasema mbele ya watu, anatafuna karanga:

"Dada Tadea, huyu jamaa yako sasa afe tu. Sabuni iko hata dukani kwa Fabiano hapo. Magendo ya nini tena?"

"Aombe leseni!" akadakia utingo wake. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Shangazi akamhesabia chenji. Njiani kurudi nyumbani ndipo aliponiambia, "Ndomba akikosa mzigo, amekufa kweli."

Siku tatu penseli ilichongwa, neno halikuandikwa. Siku ya nne tulikwenda kijijini kwao Namswea kusaidia kulima. Jioni mwezi ukatoka mzima nyuma ya mlima. Mlima ule wote ni ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, safu juu ya safu, matuta yakiyazunguka kama sega la nyuki. Shangazi alisimama, jembe begani. Akatazama mlima, akatazama mwezi na madoa yake. Nami nikatazama. 

"Nani amelima kule?" akauliza taratibu.

Leopold aliposimamisha basi tena Kitai, shangazi aliwasomea abiria mwenyewe. Ndomba ametua mwezini, utingo kaweka gogo. Wanakuta mwezi mzima umechimbwa ngolo, matuta yamekaa sawa, na wenyewe wameketi pembeni na majembe yao, wanangoja. Mbegu hawana hata punje, kwa maana forodha ya nyota imekataza mbegu kuvuka. Ndomba akavua kofia. Akageuza mifuko ya koti, maharage yakamwagika.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekalia gunia la kahawa alifanya ishara ya msalaba. Leopold alisahau hata kupiga honi.

"Sasa pale aliondoka akaenda wapi?" akauliza, sauti chini.

"Sijui, mdogo wangu. Mimi mwisho wangu ni Mbinga na hapa. Siwezi kumpeleka mbali wakati mwenyewe sijafika popote."

"Mimi leo nashuka mpaka Mbamba Bay, ziwani."

"Ni kweli ziwani nyota ziko na chini pia?"

"Likitulia, dada, hujui juu ni wapi."

Shangazi akanipa beseni la karanga. "Uza hizi zisilale," akasema. Penseli akaichomeka chini ya kitambaa cha kichwa, akachukua daftari jipya, akapanda. Yule utingo aliyetania leseni aliliondoa gogo kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayeshika vyombo vya altare.

Leopold alirudi kesho yake. Alisema alimwacha ufukoni, ameketi mchangani, anachonga penseli.

Shangazi hakurudi tena Kitai.