Msichana wa Kwanza Ameitwa Nani

Ile karatasi ililetwa Jumatatu ndani ya daftari la msichana wangu mkubwa, imekunjwa mara nne na ina mafuta ya mandazi. Nilikuwa dukani kwangu Mwihoko, naweka zipu kwenye sketi ya shule ya mtoto wa mtu, na sikuwa na haja nayo. Mtoto wa PP2, ile ya chekechea, huleta karatasi kila siku. Leo chora nyumba yenu, kesho leteni vifuniko vya soda, keshokutwa mzazi akate picha za wanyama. Mimi husema wazi kwamba haya masomo ya siku hizi tunasoma sisi wazazi, watoto wanatusindikiza tu.

"Ni ya siku ya familia," msichana akaniambia. "Ni Jumamosi. Na Ticha amesema Baba lazima akuje."

Nikaifungua. Katikati kulikuwa na mchoro wa mkono, kila kidole na mwenyewe: kidole gumba Baba, kinachofuata Mama, halafu ndugu, halafu nyanya na babu, yaani shosho na guka. Mtoto apake rangi. Sawa, hilo halina maneno. Lakini chini kabisa mwalimu alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu yake: Mimi nimeitwa jina la nani katika familia yetu? Mzazi amsaidie mtoto kujibu. Kila mtoto atasimama aseme mbele ya wazazi.

Ngai! Niliikunja ile karatasi, nikaisukuma chini ya cherehani, nikamwambia mtoto aende akacheze nje.

Huku kwetu jina la mtoto halichaguliwi kwa sababu linapendeza. Msichana wa kwanza huitwa mama ya baba yake. Wa pili huitwa mama ya mama yake. Ndiyo maana utamsikia mwanamke mzima akimbembeleza mtoto wa nepi akimwita "mami", kwa sababu kwa jina huyo mtoto ni mama yake kabisa. Sasa ukikuta msichana wa kwanza ameitwa upande wa mama, hata mzee anayesinzia kanisani ataamka na kusema: aaa, huyo alizaliwa kabla ya ndoa, huyo alikuja na mamake. Hiyo hesabu watu wa kwetu huifanya bila kalamu.

Mkubwa wangu ameitwa mama yangu. Mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minane na alikuwa mgongoni mwangu siku nzima, ameitwa mama ya mume wangu.

Mkubwa nilimzaa nikiwa bado kwetu, na mwanamume aliyenipa ile mimba alibadilisha laini ya simu kabla hata sijaanza kutapika. Mume wangu alinipata mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi. Ni fundi wa tiles. Alikuwa amekuja kutengeneza bafu kwa jirani yetu, akaomba maji ya kunywa, na mtoto akamshika suruali akakataa kuiachilia. Tulipooana tulikubaliana kumwambia mtoto ukweli akianza kuelewa mambo. Akafika miaka mitatu, nikasema bado. Akafika minne, nikasema bado. Mume wangu aliuliza mara mbili, halafu akaacha kuuliza, na mimi nikajifanya kwamba kuacha kwake kuuliza ni kukubali. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa siku moja huyo msichana akigombezwa atamwangalia yule mwanamume aliyemfundisha kutembea na kumwambia, wewe si babangu. Nilikuwa naliona hilo jambo hata nikikata kitambaa.

Kwa hivyo Jumanne nilifanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Nilimweka mbele yangu kwenye stuli ya dukani, nikamwambia, "Mami, Jumamosi Ticha akikuuliza umeitwa nani, useme umeitwa mama ya Baba."

Akanikazia macho. "Lakini hiyo ni ya baby."

"Najua."

"Mimi ni mama yako. Unaniita Mami."

"Najua, Mami. Lakini siku hiyo utasema mama ya Baba. Sema nisikie."

Akasema. Nikamwambia arudie, akasema tena. Jumatano vivyo hivyo, Alhamisi vivyo hivyo, nikifunga vifungo vya sweta yake na yeye akirudia kama anayesomea mtihani. Na kila alipomaliza aliniuliza, "Nimesema vizuri?" Mimi, mtu mzima, nikawa namjibu amesema vizuri sana.

Mume wangu alitukuta Ijumaa. Kazi ya Thika ilikuwa imeisha saa sita kwa sababu saruji haikufika, akapitia dukani na viatu vyake vyeupe kwa vumbi, akasimama mlangoni kabla hatujamwona. Alisikia yote. Alimpa mtoto ndizi, akamwambia akamwonyeshe mama wa mboga pale ng'ambo, na mtoto alipotoka akanigeukia.

"Unamfunza kudanganya?"

"Namkinga," nikasema.

"Na nini?"

"Na midomo ya watu! Wewe hujui wazazi wa ile shule. Jumamosi jioni Mwihoko nzima itakuwa inajua."

"Itajua nini? Sema."

Hasira zangu ziko karibu, sifichi, na siku hiyo zilinipanda zote. Nilimwambia kwake ni rahisi kuongea kwa sababu hakubeba aibu ya kuzalia nyumbani. Nilimwambia mtoto ana miaka mitano, yani mitano, na yeye anataka tumvunje moyo kwa sababu ya karatasi ya shule? Nikamwambia nafanya hivyo kwa ajili yake yeye mwenyewe, asije akadharauliwa na mtoto aliyemlea. Mdogo akaanza kulia mgongoni. Nikamtikisa huku nikiendelea kufoka.

Yeye si mtu wa kelele. Alingoja nimalize, akafuta vumbi kwenye goti lake.

"Mimi nilidhani unaficha yule mwanamume mwingine," akasema. "Kumbe unayemficha ni mimi."

Akatoka. Jioni tulikula kila mtu akiangalia sahani yake, na mtoto akawa anauliza kama Baba atavaa shati la kanisani kesho. Baba akasema atavaa.

Jumamosi tulitembea mpaka shuleni, yeye mbele na mkubwa begani, mimi nyuma na mdogo mgongoni. Sijawahi kutembea njia fupi ikawa ndefu vile. Darasa lilikuwa limejaa. Wazazi walikuwa wamekalia vile viti vidogo vya plastiki, magoti yamefika kidevuni, na watoto walikuwa mkekani mbele. Ukutani mwalimu alikuwa amebandika mti mkubwa wa karatasi usio na majani. Kila mtoto angeweka mkono kwenye rangi, auchape kwenye tawi, na mwalimu aandike jina kando.

Wakaanza na mchezo wa viatu. Akina baba walivua viatu, vikamwagwa kwenye rundo moja, kila mtoto atafute cha babake. Watu walicheka sana. Kuna mtoto aliyemletea babake kiatu cha mwanamke. Wangu hakupapasa hata kidogo, aliingia kwenye rundo akatoka na vyote viwili, akavipanga miguuni pa mume wangu, cha kushoto kushoto na cha kulia kulia. Mwalimu akasema, "Huyu anamjua babake!" na watu wakapiga makofi. Nilipiga pia.

Halafu ukaja ule mti.

Walisimama mmoja mmoja. Mimi nimeitwa guka, baba ya Dadi. Mimi nimeitwa shosho, mama ya Dadi, ako kule Witeithie. Kila mmoja akiongea wazazi wanaitikia, na mwalimu, msichana mchangamfu ambaye bado hana mtoto wake, anasema mnaona, mila zetu ni nzuri. Nilihesabu waliobaki. Watano. Watatu. Niliomba Mungu stima ipotee, mvua inyeshe, mtoto yeyote atapike. Mume wangu alikuwa kando yangu ametulia, mikono mapajani, na alikuwa hajanitazama tangu jana.

Wangu akaitwa. Akachovya mkono kwenye rangi ya kijani, akauinua juu ukidondosha rangi, akageukia wazazi.

"Haya, mrembo. Wewe umeitwa nani?" mwalimu akauliza.

Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nikamwitikia kwa kichwa, sema.

"Mum amesema niseme nimeitwa mama ya Baba," akasema kwa sauti ile ya kusomea mtihani. "Lakini hiyo ni ya baby."

Watu wakacheka. Mwalimu pia akacheka, maskini, bado hajashtuka. "Sasa wewe umeitwa nani?"

"Mama ya Mum."

"Na nyinyi mko wangapi kwenu?"

"Mimi na baby."

"Na wewe ndio first born?"

"Eeh."

Kicheko kikaisha. Nyuma yangu mwanamke mmoja akavuta ile "aaa" ndefu, ile ninayoijua, na mwingine akamfinya anyamaze. Mwalimu akashtuka wakati huo huo. Nilimwona akibadilika uso, akaanza kusema haraka haraka, "Haya, makofi kwa huyu, chapa mkono wako, twende kwa mwenzako." Lakini mwanangu hakusonga. Rangi ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Ticha, kwa nini ya baby ni ya Baba na yangu si ya Baba?"

Nilitaka kumnyakua nitoke naye, haki ya Mungu, nilikuwa nimeshaanza kuinuka, lakini mume wangu akaniwahi. Akaweka mkono kwenye bega langu akanirudisha kitini, akapita katikati ya watoto na soksi zake, akachuchumaa mbele ya binti yetu.

"Kwa sababu mimi nilichelewa," akamwambia. "Ulipopewa jina, nilikuwa bado sijafika kwenu."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa bado nawatafuta."

Akafikiria.

"Na nilikuwa mkubwa?"

"Ulikuwa mdogo. Ulikuwa unatembea ukianguka."

"Na kabla ufike, nilikuwa namwita nani Baba?"

Mume wangu akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akanitazama. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anangoja, kwa sababu hilo swali halikuwa lake. Hakuwepo. Aliyekuwepo ni mimi.

Nikasimama. Nilijua kila jicho la wale watu liko kwangu, yule wa "aaa" akiwa wa kwanza. Nilikuwa nimeogopa macho hayo miaka mitano. Nikapita mkekani mpaka mbele nikapiga magoti hapo kando ya mume wangu.

"Hukuwa unaita mtu, Mami," nikamwambia. "Hakukuwa na mtu. Tulikuwa mimi na wewe na shosho. Nilipaswa kukuambia mapema. Na hii wiki nimekufunza uongo, na wewe ulikuwa sawa. Umeitwa mama yangu."

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

Nililia hapo hapo, sikujali. Mume wangu hakunishika wala kunibembeleza, na nilielewa. Bado alikuwa na Ijumaa yake moyoni, na ningeilipia polepole. Mwanangu alitutazama sisi wawili, kwanza mmoja, halafu mwingine. Nilingoja aseme lile neno nililoliogopa. Nilingoja kweli, nikilitazama mdomoni mwake.

Akatugeuzia mgongo. Akachapa mkono wake kwenye tawi, akaubana kwa nguvu mpaka rangi ikachuruzika ukutani, akauvuta. Mwalimu alikuwa amesimama na kalamu yake, macho mekundu, hajui afanye nini.

"Niandike nini hapa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Andika mama ya Mum," mtoto akasema. Kisha akasogea, akaweka kucha yake ya kijani kando ya kidole gumba cha ule mkono aliochapa. "Na hapa uandike Baba. Usiandike jina lingine, andika Baba. Yeye alikuja."