Mbuzi wa Kompyuta na Pengo la Mama

Mama alifika Chimwaga kutoka Buigiri na kiroba cha unga wa uwele, akidai amekuja kumwona mjukuu. Uongo mtupu. Alikuja kunilisha. Mwanangu alikuwa bado mchanga, mimi nimesharudi kwenye utafiti wangu, na nilikuwa naogopa kwamba maziwa yangu yatakauka.

Kazi yenyewe ilikuwa kumjenga mbuzi ndani ya kompyuta. Mbuzi wa hesabu tu, anayekula majani haba ya kiangazi kisha kuyagawa: haya ya kuendesha mwili, haya ya maziwa ya mtoto. Chakula hakitoshi yote mawili, kwa hiyo akitoa huku anapunguza kule. Nilimwekea kanuni niliyoiona ya busara: jitunze kwanza, kitakachobaki kiwe maziwa. Nikipunguza majani tu, maziwa yanakatika. Ila mbuzi wa kweli tuliowapima uwandani walikuwa wakiendelea kunyonyesha, na mimi nikaendelea kugombana na wangu, bakuli la uji likipoa kando.

Mama hana subira na uji unaopoa. Akauliza kinachonisumbua, nikamweleza.

"Mchoyo huyo mbuzi wako," akasema. "Ana mtoto kweli?"

Nilicheka, nikageuza kanuni. Maziwa kwanza, na pengo la chakula lizibwe na mafuta na nyama ya mwili wake. Safari hii, kwenye grafu, mstari wa maziwa ukakaa karibu kabisa na vipimo vyetu. Nikamwita mama aje aone.

"Huu ni wa maziwa, haushuki," nikamwonyesha.

"Na huu unaoporomoka?"

"Mwili wake."

Mama akatabasamu, na pengo lake la mbele likaonekana. Tangu utotoni mwangu hunitania kwamba jino lile nililinyonya mimi, mwaka niliozaliwa, mvua ilipogoma. Nimelicheka hilo miaka yote. Siku hiyo halikunichekesha.

"Mama, mwaka ule wewe ulikuwa unakula nini?"

Alimpakata mjukuu wake vizuri, kisha akanisogezea bakuli kwa mkono mmoja.

"Kunywa uji, mwanangu. Umeshapoa."

Nikaunywa wote, na yeye hakuondoka mpaka alipoona kitako cha bakuli.