Ngazi ya Alumini na Mifupa ya Mama Mdogo

Siku hizi nasikia kuna mashine ya eksirei unayolala tu chini yake, na baada ya dakika chache inakuambia mifupa yako imeshiba kiasi gani, hata mafuta ya mwili yamekaa wapi. Sisi Kisangani, wakati wa Zaire, tulikuwa na mashine iliyonguruma kama kamyo ya mizigo, na tulikuwa na ngazi. Ngazi yenyewe ilienea mfukoni: kipande cha alumini chenye vidato kumi, kila kidato kinene kuliko cha chini yake. Mtu aliweka mkono juu ya filamu, ngazi ikakaa kando, picha ikapigwa kwa pamoja. Kisha tulitazama: mfupa wa kidole umekuwa mweupe kama kidato cha ngapi? Cha juu, mfupa mzito. Cha chini, mfupa umekonda.

Ngazi iliyoagizwa Ulaya ilipotea njiani, na daktari aliyekuja kutafiti mifupa ya watu wa mji wetu alikaribia kulia. Mimi, fundi wake wa picha, nikajitia ujuzi.

"Docteur, alumini si iko Mangobo!"

Nikaenda Mangobo kwa mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza sufuria. Niliwachorea vipimo, na kesho yake nikarudi na ngazi inayong'aa, kifua mbele.

Mtu wa kwanza kumpima alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyenilea. Kazi yake ilikuwa kununua sufuria Mangobo, kuzibeba kichwani hadi kwenye kamyo, na kwenda kuziuza Banalia. Mwaka ule alikuwa ameteleza kwenye matope akavunjika mkono, na ingawa ulipona nilitaka kuhakikisha. Picha ikatoka: kidato cha pili! Niliogopa kweli. Nilimwambia safari basi, mizigo basi, akianguka tena atavunjika nyonga.

Alikaa mlangoni wiki tatu, sufuria zake zimepangwa ukutani nyuma yake. Chakula changu alikisukuma mezani bila neno, yeye ambaye kicheko chake majirani walikitumia kujua kumekucha. Iliniuma sana. Lakini nilijiambia mimi ndiye msomi.

Kazi ikaendelea. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mchezaji mpira mwenye mapaja ya kutisha, alitoka kidato cha tatu. Daktari mwenyewe, mtu wa miraba minne, cha tatu. Mimi, cha pili. Daktari akaanza kuandika kwamba mji wote una upungufu wa mifupa, labda ni chakula, labda ni maji. Jioni ile nikamsimulia mama mdogo, nikidhani atafarijika kwamba hayuko peke yake. Akanikazia macho.

"Mupaka ule wa mupira?"

"Hata yeye."

"Leta hiyo ngazi yako."

Nikaileta kesho yake. Aliipima kiganjani, akaigonga kwa pete yake, akasikiliza, akaigonga tena.

"Ulitengenezesha wapi?"

"Mangobo."

"Mangobo! Na hukuniuliza mimi?" Akaitupa mezani. "Hii haiko alumini safi. Iko nzito, haina sauti. Walichanganya na kabureta ya magari. Sufuria ya namna hii, mi narudishaka."

Nilielewa pale pale, na haya zikanipanda hadi masikioni. Chuma kizito huzuia mionzi zaidi, basi ngazi ilikuwa inatoka nyeupe kupita kiasi, na mfupa wa mtu yeyote kando yake ulionekana maskini. Mimi msomi nilikuwa nimemfungia mtu nyumbani kwa ajili ya kabureta.

Nilipomweleza, daktari alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akachana karatasi zake. Mama mdogo alikwenda nami Mangobo, akachagua nyaya za umeme za alumini tupu, akasimama juu ya mafundi mpaka ngazi mpya ikatoka. Tukarudia picha. Mwanafunzi kidato cha saba, daktari cha nane, mama mdogo cha tano. Si mifupa ya msichana, lakini kwa umri wake ilikuwa mizuri, ya mtu wa kwenda Banalia. Nilimwambia hivyo na nikamwomba msamaha.

"Bon," alisema. "Alors, hizi sufuria za wiki tatu nani atabeba?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asubuhi ya kamyo nilizitwika zote kichwani, nimevaa koti langu jeupe la hospitali, shingo ikiwaka moto, naye akitembea mbele mikono mitupu, anasalimia kila mlango. Jirani mmoja akauliza kwa nini mwanaume anabebeshwa sufuria.

"Acha," akasema mama mdogo bila kugeuka. "Leo tunapima mifupa ya kwake."